Nafsi ya Kwanza: Albamu ya Kwanza ya Gaël Faye kwa Masikio ya Fizi na Baraka

Kiswahili kina neno moja kwa mambo mawili ambayo lugha nyingine huyatenga. Mwalimu wa sarufi akisema "nafsi ya kwanza", tunaandika ubaoni mimi na sisi. Mhubiri akisema "nafsi yangu", tunaelewa ule utu wa ndani ambao jirani hauoni. Kifaransa kina neno lake kwa kila jambo, na mwanafunzi hawezi kuyachanganya. Katika somo hili nataka tuyachanganye kwa makusudi.

Hoja yangu ina sehemu mbili. Ya kwanza: msanii kijana anapotoa albamu inayochunguza moyo wake, uchunguzi huo unategemea sarufi anayoitumia, yaani nani anasema, anamsemesha nani, anasimama wapi, na anakumbuka kwa wakati gani wa kitenzi. Ya pili: Kiswahili tunachokisema Fizi na Baraka kina vyombo vizuri vya kazi hiyo, na baadhi yake ni vile tunavyofundishwa kuvifuta kama makosa.

1. Mtunzi na albamu yake

Mfano wangu ni albamu "Pili pili sur un croissant au beurre" ya Gaël Faye, iliyotoka mwaka wa 2013. Nimeichagua kwanza kwa sababu mtunzi ni jirani. Alizaliwa Bujumbura mwaka wa 1982, kando ya ziwa lile lile ambalo Baraka imejengwa ukingoni mwake, na anayelala Uvira anaona taa za mji huo usiku. Baba yake ni Mfaransa, mama yake Mnyarwanda. Rais Melchior Ndadaye aliuawa mwezi wa Oktoba 1993 na Burundi ikaingia vitani. Mwaka wa 1994 yakafuata mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda. Mwaka wa 1995, akiwa bado mtoto, alipelekwa Ufaransa. Huko alikua, akasoma mambo ya fedha, akafanya kazi London, kisha akaiacha kazi hiyo ili aandike na kuimba rapu. Kabla ya albamu hii alikuwa katika kikundi cha Milk Coffee and Sugar pamoja na Edgar Sekloka, kwa hiyo mwaka wa 2013 ndipo tulipomsikia kwa mara ya kwanza akibeba albamu nzima kwa jina lake mwenyewe. Miaka mitatu baadaye wimbo mmoja wa albamu hiyo, "Petit pays", uliipa jina riwaya yake ya kwanza, iliyopata tuzo ya Goncourt des lycéens mwaka wa 2016.

Sababu nyingine imeandikwa juu ya jalada lenyewe. Neno la kwanza la jina la albamu ni letu: pilipili. Kruasa yenye siagi ni chakula cha asubuhi cha Paris. Pilipili ni ile inayokaa kando ya sahani ya ugali na ndagala. Kifaransa kina neno lake kwa kitu hicho, piment, na mtunzi angeweza kulitumia bila kupoteza maana ya jikoni. Lakini angepoteza mahali. Pilipili ya Bujumbura imewekwa juu ya mkate wa Paris ikiwa na jina lake la nyumbani, na msikilizaji Mfaransa anaielewa kwa sababu neno lenyewe limeshaingia katika kamusi zake. Albamu ya kujichunguza inaanza hapo, kabla hatujasikia sauti yoyote: mtu anataka kusema yeye ni nani, na hakubali kulifua neno la kwao ili meza ya wenyeji ibaki safi.

2. Nani amesema "mimi" kuhusu Fizi?

Tugeukie kwetu. Tukitafuta maandishi yanayoitaja Fizi, tunakuta kwamba mara nyingi Fizi iko katika nafsi ya tatu. Mfano unaojulikana duniani ni shajara ya Ernesto Che Guevara. Alivuka ziwa kutoka Kigoma mwezi wa Aprili 1965, akakaa na waasi katika milima yetu hadi Novemba mwaka huo, kisha akaandika kitabu juu ya kushindwa kwao. Alitumia jina la siri la Kiswahili, Tatu, kwa kufuata hesabu: Moja, Mbili, Tatu. Katika kitabu hicho yeye Tatu ndiye "mimi", na watu wa Fizi ndio "wao". Baada yake zikaja ripoti za mashirika, ambamo sisi ni waliohamishwa, waliorudi, walengwa. Maneno hayo yana kazi yake, na chakula kimegawiwa kwa orodha za namna hiyo. Ila hakuna orodha iliyowahi kuwa na safu ya nafsi ya kwanza.

Tukija kwenye nyimbo tunazoziimba wenyewe, nafsi inayotawala ni sisi. Kwaya ndiyo shule kuu ya muziki ya Baraka, na kwaya husema sisi: tumetoka mbali, tunashukuru, tunaomba amani. Sauti nne zikipangwa vizuri, hakuna anayetaka kusikia moja ikitoka pembeni. Sidharau sisi hiyo. Watu waliokimbilia Nyarugusu na Lugufu, na wengi wao wakarudishwa kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka kuanzia mwaka wa 2005, walihitaji kusema sisi ili wabaki watu.

Hata hivyo kanisa hilo hilo limetupa pia sarufi ya kujitazama. Katika Zaburi ya 42 na ya 103 mwimbaji haongei na Mungu tu wala na watu tu. Anaisemesha nafsi yake mwenyewe, kana kwamba kuna mtu mwingine amekaa ndani anayehitaji kuulizwa na kuamshwa. Mtu mmoja anagawanyika: anayesema na anayesemeshwa. Kila mtoto wa Baraka aliyekaa katika Shule ya Jumapili amesikia muundo huo mara nyingi. Kwa hiyo tusiseme kwamba kujichunguza katika wimbo ni desturi iliyoletwa na gitaa la Ulaya. Tunaimba hivyo tangu utoto, ila tumezoea kuuacha muundo huo kanisani tunapotoka.

Gaël Faye anafanya mgawanyiko huo kwa njia yake. Wimbo mmoja wa albamu unaitwa "Métis", chotara. Kifaransa kina "je" moja tu, na "je" hiyo inapaswa kubeba damu mbili na nchi zaidi ya mbili. Wimbo mwingine unaitwa "A-France". Tazama jina hilo jinsi lilivyoandikwa: herufi ya kwanza ya Afrika imewekwa mbele ya Ufaransa kwa kistari. Kistari hicho kinaunganisha na kinatenganisha kwa wakati mmoja. Mwanafunzi anayetaka kueleza nafsi ya albamu hii aanze na kistari hicho, kwa maana ndipo "mimi" wake anapokaa.

3. Msemeshwa

Swali la pili kwa albamu yoyote ya namna hii ni: anamsemesha nani? Katika "Petit pays" mtunzi haongei juu ya Burundi tu, anaisemesha Burundi. Nchi inakuwa nafsi ya pili, inakuwa "wewe". Tofauti yake ni kubwa. Ukimsema mtu asiyekuwepo, unamaliza hotuba yako unaondoka. Ukimsemesha, hata kama yuko mbali au amekufa, sentensi yako inabaki ikingoja jibu. Huzuni ya wimbo ule inatokana sana na ngojea hiyo, na kiitikio chake cha Kirundi kinaiongeza: nchi inasemeshwa kwa lugha yake, ili isiweze kusema haikuelewa.

Hayuko peke yake katika njia hii. Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka wa 1978 akalelewa Ubelgiji, alitoa albamu yake ya kwanza ya peke yake, "Hotel Impala", mwishoni mwa miaka ya 2000, na aliitunga kama jibu kwa barua ya mama yake aliyeachana naye tangu utoto. Mmoja wa nyimbo zake unaitwa "De l'autre côté de la mère". Kwa sikio la Kifaransa, mama na bahari vinatamkwa sawa, kwa hiyo jina hilo linasikika kama "ng'ambo ya bahari" na kusomeka kama "ng'ambo ya mama". Wasanii wawili, pande mbili za Ziwa Tanganyika na Katanga, na wote wawili wameingia ndani ya nafsi zao kwa kumtafuta wa kumwambia. Hapo kuna kanuni tunayoweza kuijaribu kwetu: anayetaka kujichunguza asianze na "mimi ni nani?", aanze na "namwambia nani?".

4. Kainchi: kiambishi cha upendo

Sasa tuje kwenye vyombo vyetu. "Petit pays" ni nchi ndogo. Kifaransa kinahitaji kivumishi ili kuonyesha udogo. Kirundi kina kiambishi ka- kinachofanya kazi hiyo ndani ya nomino yenyewe. Kiswahili sanifu kilikipoteza kiambishi hicho na kinatumia ki-: kitoto, kijumba, kijiji. Lakini ki- hiyo ina tatizo. Mara nyingi inabeba dharau. Ukimwita mtu kijitu, umemtukana.

Kiswahili chetu kimekihifadhi ka-, na wingi wake tu-. Katoto, tutoto, kanyumba, tunyumba. Tukitaka kutafsiri jina la wimbo ule kwa Kiswahili cha Baraka, hatuna haja ya "nchi ndogo", linalosikika kama somo la jiografia. Tunasema kainchi, au kainchi ketu. Silabi moja inaonyesha udogo na upendo pamoja, na inatuweka karibu na Kirundi cha kiitikio kuliko Kifaransa cha mtunzi mwenyewe kinavyoweza kufika. Hapa mwanafunzi wa Fizi ana sikio lenye faida kuliko mhakiki wa Paris, na faida hiyo inatoka katika umbo ambalo kalamu nyekundu hulipiga mstari.

5. Pa, ku, mu: mahali pa moyo

Sarufi ya Kiswahili ina ngeli tatu za mahali. Pa- ni mahali palipo dhahiri, ku- ni upande au mahali pasipo mipaka, mu- ni ndani. Katika Kiswahili sanifu tofauti hiyo inajulikana mwishoni, katika upatanisho: nyumbani pangu, nyumbani kwangu, nyumbani mwangu. Mpaka msikilizaji afike kwenye kimilikishi, hajui kama yuko ndani au nje. Sisi tunaiweka mbele: mu nyumba, ku soko, mu roho yangu. Neno la kwanza linatuambia tumeingia.

Albamu ya mtu aliyeondoka ni safari kati ya ku- na mu-. Wimbo unaoitwa "Je pars", ninaondoka, ni wa ku-: mtu anaelekea upande fulani. Burundi ya aliyeko Paris ni huko. Lakini jinsi anavyokaa ugenini, huko inageuka polepole kuwa humu. Nchi ambayo haiko mbele ya macho inabaki mu roho tu. Kifaransa kinaweza kulieleza hilo kwa maneno mengi. Kiswahili kinalieleza kwa kubadilisha herufi mbili.

Na kuna neno moja zaidi la mahali linalostahili somo lake peke yake: kwetu. Mfaransa husema "chez moi", kwangu mimi. Sisi tukisema kwangu, tunamaanisha nyumba ninayolipia kodi. Tunapotaka kutaja tulikozaliwa, tunasema kwetu, hata kama anayesema ni mtu mmoja aliyebaki peke yake wa ukoo mzima. Kijana wa Baraka atakayetunga albamu ya moyo wake atakutana na neno hilo katika wimbo wa kwanza. Atakuwa anasema mimi, mimi, na mara lugha itamletea sisi. Nadhani hilo linajibu hofu ya wazee kwamba wimbo wa nafsi ya kwanza ni wimbo wa ubinafsi.

6. Nilikuwaka: wakati wa kumbukumbu

Nimeweka mwisho chombo ambacho naona kina thamani kuliko vyote. Albamu hii ina wimbo unaoitwa "L'ennui des après-midi sans fin", uchovu wa alasiri zisizo na mwisho. Mwaka wa 2020 maneno yake yalitolewa pia kama kitabu cha picha. Jina lenyewe linatuambia wakati unaohitajika: jambo halikutokea mara moja, lilikuwa likijirudia kila siku, na sasa limekwisha. Kifaransa kina wakati maalumu wa kitenzi kwa ajili hiyo, imparfait, na fasihi yao ya utoto imejengwa juu yake.

Kiswahili sanifu hakikosi njia. Kiambishi hu- kinaonyesha mazoea, lakini peke yake hakisemi kwamba mazoea hayo yamepita. Kwa wakati uliopita tunasema "tulikuwa tukioga", vitenzi viwili. Kiswahili cha upande wetu, kama cha Uvira na Bukavu, kinaongeza -ak- katika kitenzi: anasemaka, tunaendaka, tulikuwaka. "Tulikuwaka tunaoga mu ziwa." Msikilizaji wa Baraka anaposikia tulikuwaka, anajua mara moja mambo matatu: ni zamani, ilikuwa desturi, na msemaji anaitamani. Hilo la tatu halimo katika kitabu chochote cha sarufi nilichosomeshwa. Limo katika matumizi: sikiliza mama akieleza maisha ya kijijini kabla ya vita, uhesabu ni mara ngapi -ka hiyo inarudi.

Sasa fikiria mwanafunzi wetu anayetunga wimbo juu ya utoto wake. Ameandika tulikuwaka. Anakumbuka darasa, anafuta, anaandika tulikuwa. Kwa kufuta silabi moja ameondoa desturi na hamu, akabakiza taarifa. Halafu anashangaa kwa nini wimbo wake unasikika kama tangazo. Wengine wanaona upungufu huo wakahamia Kifaransa au Lingala, wakidhani Kiswahili hakina undani. Undani ulikuwepo, uko katika silabi waliyoifuta.

7. Pingamizi

Mtu atasema: Kiswahili sanifu kinafika Dar es Salaam na Nairobi, na kijana wa Fizi anahitaji soko. Ni kweli, na katika Baraka kwenyewe kuna zaidi ya Kiswahili kimoja. Waliokulia Nyarugusu walirudi na sauti ya Kigoma, na Biblia ina lugha yake ya heshima. Sisemi tuchague kimoja tuvizike vingine. Nasema kila kimoja kipewe kazi kinayoiweza. Insha hii nimeiandika kwa sanifu kwa sababu inasemesha kitivo. Wimbo wa utoto unamsemesha mtu mwingine.

Mtu mwingine atasema, na pingamizi lake ni zito zaidi: kwa Wabembe wengi lugha ya moyo ni Ebembe, na Wafuliru, Wabuyu, Wanyamulenge na wengine wana zao. Nakubali. Gaël Faye mwenyewe aliandika kwa Kifaransa, na alipofika mahali ambapo Kifaransa hakikutosha, alifungua mlango kwa Kirundi. Hilo ndilo la kujifunza kwake. Kiswahili kikiwa lugha kuu ya albamu, kiitikio kinaweza kuwa cha Ebembe, na hakuna haja ya kukitafsiri pembeni. Zaidi ya hayo, katika teritwari ambayo jirani na jirani wameogopana kwa miaka mingi, kuna faida ya kusikia "mimi" wa mtu wa upande mwingine. Ni rahisi kumchukia "wao". Ni vigumu zaidi kumchukia mtu ambaye umemsikia akieleza, kwa Kiswahili unachokisema wewe, jinsi alivyokuwaka anachoka alasiri akiwa mtoto.

8. Zoezi

Kwa wenzangu wa mwaka wa kwanza na wa pili, napendekeza kazi ifuatayo. Sikilizeni albamu moja ya kwanza ya msanii yeyote, kisha mjaze daftari kwa maswali manne. Katika kila wimbo, nafsi ipi inasema, na je, inabadilika kati ya ubeti na kiitikio? Nani anasemeshwa, na je, anaweza kujibu? Mahali pakuu pa wimbo ni pa-, ku- au mu-? Kumbukumbu zinakuja kwa wakati upi wa kitenzi? Msitoe maoni kama wimbo ni mzuri mpaka maswali yote manne yajibiwe.

Baadaye kila mmoja atunge beti mbili juu ya kitu kimoja alichokuwa akikifanya kila siku alipokuwa mtoto. Ubeti wa kwanza uwe kwa sanifu, wa pili kwa Kiswahili cha nyumbani, pamoja na ka-, mu na -ak- kama vinavyokuja vyenyewe. Zisomeni zote mbili kwa sauti mbele ya mtu wa Baraka ambaye hajasoma kitivo chetu, muulizeni ni upi unaomkumbusha kitu chake mwenyewe. Walimu wetu nawaomba jambo moja tu: mnapokusanya madaftari hayo, ubeti wa pili msiusahihishe.